Mtaka cha Mvunguni

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Salamu hizo mbili nimezitoa kwa makusudi. Ukienda msibani mtaani kwetu, msemaji akishika kipaza sauti huanza hivyo hivyo. "Tumsifu Yesu Kristo!" Upande mmoja wa turubai unaitikia, "Milele na milele, amina." Anageuka: "Bwana Yesu asifiwe!" Upande wa pili unajibu, "Amina!" Bado hajamaliza. Anasema "Asalaam aleikum," na majirani waliokaa mkekani chini ya mwembe wanaitikia nao. Kisha anauliza kama kuna aliyesahaulika. Watu wanacheka kidogo, na msiba unapata pumzi.

Tukiona hivyo tunafurahi. Tunasema, jamani, huu ndio umoja. Wali umepikwa sufuria moja, Mkatoliki na Mlutheri na Mpentekoste wamebeba jeneza moja. Nami sina neno la kubeza hapo.

Lakini ngoja nikwambie. Hivi karibuni kwaya yetu iliimba kwenye msiba wa namna hiyo. Mimi naimba besi. Kando yangu, bega kwa bega, husimama mzee mwenzangu, naye ni besi. Siku ile tuliimba vizuri mno. Mama mmoja alitufuata baadaye, akatushika mikono wote wawili kwa pamoja, akasema leo mmenionyesha mbingu. Tukamshukuru. Hakujua, na sisi hatukumwambia, kwamba mimi na huyu wa kando yangu huu ni mwaka wa pili hatujasemezana. Sauti zinapatana, wenye sauti hawapatani.

Habari hiyo nitairudia. Kwanza tuzungumze jambo la wiki hii.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, makanisa mengi duniani huwa na Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo. Ilianza mwaka 1908. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 100 tunaomba jambo hilo hilo, nalo si letu sisi wa kwanza: Injili ya Yohana, sura ya 17, inatueleza kwamba Yesu mwenyewe, usiku ule wa mwisho, aliwaombea wafuasi wake wawe kitu kimoja. Swali langu jioni ya leo ni dogo. Umoja huo huanzia wapi?

Hapa kwetu Afrika Mashariki tumejaribu njia mbili, na zote mbili zina historia.

Njia ya kwanza ni ya mezani. Juni mwaka 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti, si mbali na Nairobi. Walikuwa na sababu nzuri. Mkristo aliyebatizwa na Waanglikana akihamia kwa Wapresbiteri alionekana kama mgeni kutoka dini nyingine, na Waafrika waliuliza, kwani huyu Yesu ni wangapi? Wakaandaa mpango wa kushirikiana. Mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na watu wa madhehebu tofauti wakashiriki pamoja.

Habari zikafika Zanzibar. Askofu Frank Weston, Mwanglikana vilevile, akawaka. Akawashtaki Askofu Peel na Askofu Willis wa Uganda kwamba wamepotoka katika imani. Shauri likaenda mpaka Uingereza kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Na Weston hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuja kupaza sauti, mwaka 1920, dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kazi. Alikuwa na hoja zake kuhusu ukuhani na sakramenti, na hoja hizo zipo hadi leo. Nalitaja jambo hili ili tuone tu kwamba meza iliyoandaliwa kwa ajili ya umoja ilizaa mashtaka.

Sasa njia ya pili. Tuvuke ziwa, twende Kampala, kilima cha Namirembe, mwaka 1929.

Daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alikuwa ametoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya ziwa Muhazi, ambako misheni yake ilikuwa na hospitali. Alikuwa amechoka. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, ile waliyoiita Rwakayihura, na daktari alikuwa ameona watu wengi wakifa. Alikuwa amechoka mwili, na zaidi ya hapo alikuwa amekauka ndani. Pale Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa na kiu ile ile. Wakakaa pamoja siku kadhaa, wakifungua Biblia na kuomba. Zingatia, msikilizaji, hii ni enzi ya ukoloni. Daktari Mzungu na Mwafrika wamekaa chini, na hakuna kati yao anayemfundisha mwenzake. Wote wawili ni wahitaji.

Daktari akarudi Gahini. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye akaenda huko kufundisha. Na pale hospitali alikuwapo msaidizi mkuu wa Kiafrika, Yosiya Kinuka, ambaye hakuwa na furaha na kazi. Husimuliwa kwamba Kinuka alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza mabaya yote ya Gahini: Wazungu wako hivi, wafanyakazi wako vile, hali ni mbaya. Nsibambi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba tatizo analolitafuta Gahini liko ndani yake mwenyewe.

Wazee wetu wangesema, kikulacho ki nguoni mwako. Kinuka alikasirika, lakini neno lile halikumwacha. Aliporudi Gahini alikuwa mtu mwingine.

Ndipo yakaanza mambo ambayo baadaye yaliitwa Uamsho wa Afrika Mashariki. Waganda waliwaita watu hao abalokole, maana yake waliookoka. Neno lile likavuka mipaka, na sisi Waswahili tukalichukua: mlokole, walokole. Siku hizi ukisema fulani ni mlokole, watu wanaelewa kwamba hanywi bia na Jumapili anachelewa kutoka kanisani. Wengine hulisema kwa kejeli. Lakini lilipozaliwa, neno hilo lilikuwa na uzito mwingine. Mlokole alikuwa mtu anayekuja mlangoni kwako alfajiri na kitu alichokuibia.

Naam. Hicho ndicho kilichowashangaza majirani wa wakati ule. Kuimba si jambo geni. Mwafrika ameimba tangu enzi. Kilichokuwa kigeni ni kumwona mtu anarudisha. Vitu vya hospitali vilivyopotea vikarudi. Mtu akaenda kwa jirani yake akasema, nilikusingizia. Wamisionari nao, wengine wao, wakasimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao na hasira zao. Watu wa Uamsho walikuwa na neno la kazi hiyo: kutengeneza. Umetubu kwa Mungu, vizuri. Sasa nenda ukatengeneze na mwenzako.

Na walikuwa na neno jingine: kutembea katika nuru. Wamelitoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza. Ukiusoma waraka ule polepole, utaona mpangilio wake. Anapotaja kutembea nuruni, Yohana anaitanguliza nuru, ushirika anauleta nyuma yake. Sisi hupenda kuanza na ushirika. Tunaitisha kikao cha umoja, tunachagua kamati ya umoja, tunashona sare za umoja. Yohana anasema, toka kwanza gizani, wewe na mimi, halafu tutajikuta tuko pamoja, kwa sababu nuruni hakuna pa kujificha.

Mfano ninaoupenda ni wa Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Kigezi, Uganda. Alipookoka akiwa mwalimu kijana, alikuwa na chuki na mmisionari mmoja Mwingereza. Mwenyewe alisimulia jinsi dhamiri ilivyomsumbua hata akapanda baiskeli, akaendesha maili nyingi, akagonga mlango wa Mzungu yule na kumwomba radhi kwa kumchukia. Wakakumbatiana. Fikiri: kijana wa nchi iliyotawaliwa anamwomba radhi mtu wa taifa linalotawala. Wengine watasema, huo ni unyonge. Mimi nasema hapana. Mnyonge hukaa kimya na chuki yake inamla taratibu. Kivengere huyu huyu, mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari, alilazimika kuikimbia Uganda, na akiwa uhamishoni akaandika kitabu alichokiita, kwa Kiingereza, *I Love Idi Amin*. Alisema anampenda mtu ambaye utawala wake ulimwua rafiki yake. Hilo ni jambo zito, na nadhani mazoezi yake yalianzia kwenye ile baiskeli.

Moto ule ulisambaa. Mwaka 1937 timu kutoka Rwanda na Uganda ilifika Kabete, Kenya. Kabete na Kikuyu ni majirani. Pale ambapo mwaka 1913 mpango wa wakubwa ulizaa mgogoro, miaka 24 baadaye Waanglikana na Wapresbiteri wa kawaida, wakulima, wauguzi, walimu, wakaanza kuitana ndugu. Wamethodisti wakaingia. Tanganyika nako, upande wa Bukoba, moto ukawashika Walutheri, na mmoja wa waliolelewa katika uamsho huo, Josiah Kibira, akaja kuwa askofu, na mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Na hakuna aliyetakiwa kuhama kanisa lake. Mlutheri alibaki Mlutheri. Ukuta ulikuwapo, ila watu walikuwa wanaongea juu yake.

Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kuichanganya na damu ya mbuzi wa kiapo. Na wengi wao, serikali ilipowapa bunduki wajilinde, walikataa bunduki pia. Wakachukiwa huku na kule. Baadhi yao waliuawa. Unaweza kubishana na msimamo wao, hasa ukikumbuka ardhi iliyokuwa imeporwa. Lakini huwezi kusema walikuwa wanatafuta salama.

Msikilizaji, ningeishia hapo ungekuwa ushuhuda mzuri, ungesema amina, tukafunga redio. Lakini watu wa Uamsho walitufundisha kutoficha, kwa hiyo tusifiche habari zao wenyewe.

Wao pia waligawanyika. Mwaka 1941, katika chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi walokole walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuwakemea wenzao na walimu wao. Uongozi ukawakataza, wao wakakataa kukatazwa, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwamo William Nagenda. Nani alikosea? Nadhani pande zote mbili. Nuru ni kitu kizuri, lakini kuna tofauti kati ya kutembea nayo na kummulika mwenzako usoni kama askari wa doria. Ukimulikwa hivyo huoni njia, unaona tu mwanga unaokuumiza. Kule Nyanza, Kenya, nako ukatokea mvutano kati ya makundi ya Uamsho wenyewe kwa wenyewe, na kundi moja, lililojiita Johera, yaani watu wa upendo, likaishia kuanzisha kanisa lake mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu wa upendo wakajitenga. Nalisema bila kucheka.

Na kuna Rwanda. Uamsho ulianzia Rwanda. Mwezi Aprili 1994, nchi ile ile ambamo watu walikuwa wameimba wimbo wa Uamsho, Tukutendereza Yesu, kwa takribani miaka 60, ilianza kuua watoto wake. Kwa siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi mno wao Watutsi. Wengi walikimbilia makanisani, wakauawa humo humo. Nyamata, kanisa lililojaa watu waliotafuta kimbilio, leo ni makumbusho ya mauaji.

Nyamata hiyo hiyo, miaka 30 kabla, Januari 1964, alikuwapo mchungaji wa Uamsho, Yona Kanamuzeyi, aliyekuwa akiwahudumia wakimbizi. Askari walimchukua wakamwua. Husimuliwa kwamba alikwenda akiimba. Kwa hiyo hatuwezi kusema Uamsho haukuzaa matunda pale. Ulizaa. Hata mwaka 1994 wapo walioficha majirani zao, wakafa nao. Lakini hawakutosha.

Nimejiuliza mara nyingi, ni nini kilikosekana? Jibu langu, nawe una haki ya kulikataa, ni hili. Mtu wa Uamsho alijua kuungama shuka aliyoiba. Alijua kuungama uzinzi, uongo, hasira kwa mkewe. Dhambi hizo ni zangu, zina jina langu. Lakini kuna dhambi ambazo hazina jina la mtu mmoja. Ni zile tunazonyonya pamoja: namna kabila letu linavyowasema wale wengine tukiwa peke yetu jikoni, namna ofisi inavyogawana vyeo, namna askofu na rais wanavyokaa meza moja mpaka askofu anasahau kusema. Hizo haziungamwi, kwa sababu ukigeuka huku na huku unaona kila mtu anazo, na dhambi ya wote huonekana kama desturi. Nuru iliingia chumbani, haikufika sebuleni.

Wapo walioliona hilo baadaye. Desemba 1996, Wakristo wachache wa Rwanda walikutana Detmold, Ujerumani, pamoja na Wazungu waliowahi kuishi nchini mwao. Wahutu waliokuwapo wakaomba msamaha kwa niaba ya watu wao, bila kusubiri wengine waanze. Watutsi nao wakaungama yao. Wazungu nao yao, tangu enzi za ukoloni. Jambo hilo lilizua ubishi: mtu asiyeua anaombaje msamaha wa wauaji? Ubishi huo ni halali. Lakini mimi naona kwamba pale Detmold watu walijaribu kubeba taa mpaka sebuleni. Na mwaka 2017 Papa Francis naye aliomba msamaha wa Mungu kwa makosa ya Kanisa na ya wana wake katika mauaji yale. Kumbe hata kanisa zima linaweza kuinama.

Na hapo ndipo lilipo neno langu la jioni hii. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umoja wa Wakristo, msikilizaji, uko mvunguni. Hauko juu ya kabati kiasi cha kutaka ngazi na kamati ya kushika ngazi. Kule mezani Kikuyu kila mtu alikaa wima, ana hoja zake nzuri. Namirembe waliinama. Rwanda, waliinamia vitu vidogo, vikubwa vikabaki chini ya kitanda, navyo vikawaua. Kufanywa upya moyoni na kuwa wamoja, mimi siyaoni kuwa masomo mawili, moja la Jumatano na jingine la Ijumaa. Ni kuinama kule kule: unamwona Mungu, unajiona, na ukiinua macho unakutana na uso wa jirani uliyekuwa umempa mgongo.

Sasa yule mzee mwenzangu wa besi.

Miaka miwili iliyopita kwaya yetu ilichangishana fedha za sare. Yeye alikuwa mhazini. Ikafika siku ya kusoma hesabu, kitabu cha risiti hakionekani. Yeye alisema alimpa mtu, hakumbuki nani. Watu wakanong'ona. Mimi sikunong'ona, mimi nilisema kwa sauti, kwenye kikao, kwamba fedha za Mungu hazipotei zenyewe. Akavuliwa uhazini. Akabaki kuimba tu, akiangalia mbele.

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, nilikuwa natafuta daftari la zamani la nyimbo. Nikapiga magoti, nikavuta sanduku chini ya kitanda. Kitabu cha risiti kilikuwa humo, kati ya karatasi za nota. Alikuwa amenipa mimi. Nilikisahau.

Nikakirudisha sandukuni. Nikasukuma sanduku. Pasaka ikafika, tukaimba ufufuko.

Najua unachofikiri: amekwisha ungama, tena mbele ya nchi nzima. Hapana. Watu wa Gahini wasingelipokea hili. Wangeniambia, ndugu, redio haikukosewa. Uliyemkosea ana nyumba, nawe unaijua. Tena ni rahisi kwangu kuwaambia ninyi maelfu msioniona, kuliko kumwambia yeye mmoja atakayenitazama. Na si yeye tu. Nilimchafua mbele ya kwaya nzima, basi na kwaya nzima isikie.

Jumamosi tuna mazoezi saa kumi. Nitawahi, maana yeye huwahi. Hufika kupanga viti kabla ya wengine. Kitabu nimekitoa sandukuni asubuhi ya leo, nimekifungia kwenye mfuko wa plastiki, nimekuja nacho hapa studio ili nisipate nafasi ya kukirudisha.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Usiku mwema.